Maneno ya Jukwaani

Jumamosi, 8 Februari

Nimechaguliwa! Klabu yetu ya vijana wakulima itanipeleka mimi kwenye shindano la kuhutubia. Kura tulipiga kwa kunyoosha mikono, palepale ghalani, tumekaa juu ya magunia, panya wanakatiza kama nao ni wanachama. Tulibaki wawili: mimi na Mbwembwe. Mbwembwe ana sauti, ana mikono inayopaa, ana fulana iliyopigwa pasi. Ila akifika katikati ya hotuba hajui anaelekea wapi. Mlezi wa klabu — mwalimu mstaafu, mama wa watu, mkali kama pilipili — amesema tunapeleka mtu anayejua anachosema, hatupeleki jogoo.

Mbwembwe amenuna. Atanuna wiki nzima, namjua.

Mada: Kijana na Ardhi. Nimecheka peke yangu njia nzima. Kama kuna kitu nakijua ni hicho! Shamba la bondeni nimelilima mimi tangu baba alipoumia mgongo. Mifereji ya kutoa maji nimechimba mimi. Samadi nimebeba mimi, kichwani, mpaka nywele zikashika harufu ya zizi na shangazi akanishauri ninyoe. Kabla yangu pale palikuwa dimbwi la vyura. Sasa kila msimu maharage hustawi hadi watu wanasimama njiani kuniuliza nimeweka dawa gani.

Nimemwambia baba. Amefurahi! Amesema atakuja, tena atakaa mbele kabisa.

Jumanne, 11 Februari

Kaka amerudi kutoka mjini. Begi lake lina magurudumu, lakini kwenye udongo wetu yamegoma, akalibeba begani kama mtoto mgonjwa. Alikuwa anatengeneza simu. Kibanda chake kimebomolewa, barabara inapanuliwa. Ndivyo alivyosema, na mengine hakusema.

Nampenda kaka yangu. Nitangulize hilo kabla sijaandika lolote.

Mama alimchinjia kuku. Baba akamtandikia maswali ya mjini mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuja kutoka bondeni na matope hadi magotini, nikaulizwa kama nimefunga mbuzi.

Jumamosi, 15 Februari

Mazoezi. Mlezi ananisimamisha juu ya kreti la nyanya, wenzangu wanaagizwa kupiga kelele, kupiga chafya, kudondosha madebe. Mimi niendelee. Nikikatika, naanza upya. Mbwembwe alikohoa kwa moyo wote, sijui kama alikuwa anasaidia klabu au anajipigania mwenyewe. Nilifika mwisho bila kukatika. Sauti imekauka lakini nilifika!

Bwana shamba alipita kuangalia kitalu chetu cha miche, akasikiliza kidogo. Anaona hotuba ina "mimi" nyingi. Niseme "vijana". Niseme "jamii". Nikamwambia samadi haikubebwa na jamii. Mlezi alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nimerudi nyumbani na furaha yangu. Kwa mbali nikaona watu bondeni: baba, kaka, na mwenye mashine ya kusaga. Wanatembea kwenye matuta yangu. Mwenye mashine ana viatu vyeupe, ananyoosha mkono huku, ananyoosha kule. Baba anaitikia kwa kichwa.

Nilimkuta mama anapepeta. Nikamuuliza wale wanatafuta nini. Hakuinua uso. "Baba yako amempa kaka yako bonde," akasema. "Naye atalikodisha kwa mwenye mashine. Wanataka alizeti."

Amesema hivyo kama anayesema mvua imenyesha. Akaendelea kupepeta.

Jumatano, 19 Februari

Siku hizi zote nilikuwa nameza. Leo nimemuuliza baba. Alikuwa nje, ameegemea ukuta, mgongo umeshika.

"Baba, ni kweli bonde umempa kaka?"

"Ndiyo, mama. Mwenzako amerudi mikono mitupu. Aanzie wapi?"

"Na mimi?"

"Wewe utaolewa."

"Nani amekuja kuniposa?"

"Atakuja tu."

"Kwa hiyo nimenyang'anywa shamba kwa ajili ya mtu ambaye hata hajaja?"

Akaniambia nisimpandishie sauti, yeye si ukumbi wa mashindano. Halafu akalainika — hapo ndipo aliponiumiza zaidi, maana alikuwa anataka kunifariji. Akasema kulima nitaendelea kulima, nani amenikataza? Mwenye mashine anatafuta vibarua. Atamwambia aanze na mimi.

Kibarua! Katika shamba nililolitoa kwenye midomo ya vyura!

Kaka alikuwa mlangoni anachokonoa simu iliyokufa. Nilimwita. Akasema, "Sikuomba mimi, dada. Nimepewa." Hakuniangalia. Nikamwambia basi kataa. Akaichungulia ile simu kana kwamba jibu limekwama ndani yake.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika upesi!

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mgeni rasmi ni mama mmoja, mkubwa wa chama cha wakulima, mnene, mcheshi, ana daftari na hakuandika kitu. Baba mbele kabisa, ndani ya koti lake la harusi. Mama pembeni yake. Kaka alisimama nyuma, karibu na mlango.

Wenzangu wa vijiji vingine walisema vijana ni nguvu kazi. Vijana ni taifa la kesho. Kila mmoja! Nikaona watu wanapiga miayo, nikaikunja karatasi yangu.

Nikasema nina shamba ambalo si langu. Nikaeleza jinsi mfereji unavyochimbwa, maji yakiwa ya baridi, na jembe likigonga mzizi mkono unavyokufa ganzi. Nikasema mnatuita kwenye semina mtuambie tupende ardhi. Tunaipenda. Swali ni je, ardhi inaruhusiwa kutupenda na sisi, au inasubiri kaka zetu warudi? Sikumtaja mtu. Nilimwangalia baba tu.

Makofi — wanawake wa nyuma ndio walioanza, wakagonga na madirisha.

Mgeni rasmi akashika maiki: mzazi wa huyu binti yuko wapi? Asimame! Baba akasimama. Nilidhani ataanguka. Mgeni akamwita juu, akampa maiki, akamwambia aseme neno kwa binti yake.

Na baba akasema! Sauti haikutikisika. Eti huyu ni mwanangu, jembe langu, mgongo wangu ulipovunjika yeye ndiye alikuwa mgongo. Akasema, "Mbele yenu nyote, shamba la bondeni ni lake. Nimempa."

Ukumbi ulisimama. Vigelegele! Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi nililia hadharani, makamasi na vyote, nikamkumbatia baba na koti lake lenye harufu ya sanduku.

Nimekuwa wa kwanza. Ninalo na kombe. Sina habari nalo. Nina bonde!

Kaka hakuwepo tulipotoka.

Jumapili, 23 Februari

Niliamka mapema, nikampelekea baba chai. Nikamuuliza lini twende kwa mwenyekiti wa kijiji kuandikisha. Akauliza kuandikisha nini.

"Bonde, baba."

Akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu anayemcheka mtoto aliyeona mwezi ndani ya ndoo akataka kuuchota.

"Yale yalikuwa maneno ya jukwaani, mwanangu. Ulitaka nifanye nini? Umenisimamisha mbele za watu, ukumbi mzima unaniangalia kama nimeiba mbuzi. Nimekupa heshima yako, umepata kombe lako. Sasa tuendelee na maisha."

Nikamwambia yeye mwenyewe alisema, "Nimempa." Alisema mbele ya wote.

"Na wewe si ulisema ardhi inapenda watu? Ardhi inapenda?"

Nikaokota kikombe chake kitupu nikatoka. Mimi, msemaji bora! Hotuba yangu niliipika siku nyingi, nikaifanyia mazoezi kwenye kelele za madebe. Yeye alipanda bila karatasi, akadanganya ukumbi mzima papo hapo, hata kukohoa hakukohoa. Kombe wangempa yeye.

Nimeliweka chini ya kitanda. Ni la plastiki, hata halina uzito.

Jumanne, 25 Februari

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye mwenyewe alikuwepo ukumbini, alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Aliniuliza kama kuna karatasi. Nikasema kuna watu. Akasema watu walisikia hotuba, mwanangu, hawakusikia mkataba. Lakini kama nina mashahidi watakaoweka sahihi, nije nao, ataita kikao.

Basi nikaitisha klabu. Ghala lilijaa, kila mtu ananipongeza, wengine wanataka kushika kombe. Nilipowaambia ninachotaka, wote wakaanza kukagua kucha. Mmoja baba yake husagisha kwa mkopo kule mashineni. Mwingine mama yake ni ndugu wa baba yangu. Mweka hazina amesema atafikiria. Bwana shamba amesema klabu haiingilii mambo ya familia, klabu ni ya maendeleo. Huyohuyo aliyetaka niseme "jamii"!

Mlezi alivua miwani akaifuta. Mwishowe akasema, "Kusema nilikufundisha. Kuwafanya watu wasimame nawe, hilo hata mimi sikulipata." Akavaa viatu vyake akaondoka. Sikumkasirikia. Nilitamani angenigombeza.

Aliyebaki ni Mbwembwe. Alinisaidia kurudisha magunia ukutani. Akasema yeye alisikia, na atasema alisikia. Nikamuuliza kwa nini, wakati mimi ndiye niliyemnyima safari. Akasema alichukia nilivyoshinda, lakini baba yangu amemfanya hata yeye aliyeshindwa aonekane mjinga, maana alilia pale ukumbini kwa ajili ya uongo. Pua yake ilikuwa imevimba siku nzima, amesema.

Shahidi mmoja. Mwenyekiti amesema hatoshi.

Ijumaa, 28 Februari

Leo nyumbani hatusemeshani. Baba anamtuma mama kwangu kuomba chumvi, na mimi nimekaa mbele yake. Kaka anakula akiwa amesimama.

Jioni nilikuwa naosha vyombo na mama. Nikamuuliza kama siku ile ukumbini alijua ni uongo. Akasema alijua kabla baba hajamaliza kusema. Ameishi naye, anaijua sauti yake ikivaa koti.

"Sasa ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu lilikuwa neno zuri," akasema. "Na sijawahi kuambiwa mimi. Nimelima la baba yangu, nimelima la mume wangu, kesho nitalima la mwanangu wa kiume. Hakuna aliyesimama hata kunidanganya."

Akafuta mikono. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mbegu za maharage, zile alizoziweka akiba juu ya dari, zilizopakwa majivu. Akaniambia trekta la mwenye mashine linakuja kesho asubuhi kugeuza bonde. Nimtangulie.

Nikamwambia baba atakasirika.

"Na yeye, nani amewahi kumkasirikia?" akasema mama. Sikuelewa vizuri, lakini nimechukua mfuko.

Jumamosi, 1 Machi

Bondeni. Daftari nimeliweka juu ya goti, kalamu inaruka.

Tulianza kukiwa bado na ukungu, mimi na Mbwembwe. Hajui kupanda! Anafukia mbegu kama anaficha maiti. Nikamwonyesha. Baadaye wakaja wasichana wawili wa klabu, wakavua viatu wakashika mistari. Mweka hazina alipita barabarani na baiskeli, akapunguza mwendo, akaendelea.

Tulikuwa tumepita nusu trekta likafika. Dereva ni kijana wa huku huku. Ameona mbegu ndani ya mashimo, amezima injini. Anasema yeye ameambiwa shamba ni tupu. Hawezi kugeuza kilichopandwa mpaka mwenye shamba amwambie. Mwenye shamba ni nani?

Kaka, aliyekuja na trekta, akasema ni yeye. Mbwembwe akasema ni dada yako, tulisikia wote. Kaka akamkunja shati. Nikawatenganisha. Shati limechanika, Mbwembwe analishika kwa mkono mmoja na kwa mwingine bado ana mbegu.

Baba amefika na fimbo yake, polepole, mgongo unamuuma, naona. Amesimama kwenye mfereji niliouchimba. Nikamwendea. Nilikuwa na maneno yote tayari. Akaniwahi, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Usinifanyie tena mbele za watu. Nakuomba."

Ananiomba. Baba! Na macho yake yamejaa maji, na safari hii sijui. Kweli sijui kama ni koti au ni yeye.

Nikashindwa. Nikaja kukaa huku kwenye tuta na daftari, kama mtoto.

Kaka amempigia simu mwenye mashine, anakuja. Dereva ameuliza tena, awashe au asiwashe? Sasa mama anashuka kwenye njia ya bondeni, ana jembe, hajaaga mtu nyumbani, hajafunga hata kitambaa cha kichwa. Amempita baba. Amempita kaka. Ameingia kwenye mstari tulioachia, ameinama, anapanda. Baba anamwita. Haitikii. Anamwita tena, kwa sauti ya juu, watu wote wamegeuka, na mimi nafunga daftari: mama anahitaji mtu wa kumdondoshea mbegu.