Vibandiko vya Makaburi ya Vihingo

Jumatatu, 2 Juni
Chai, kisha C, lugha ninayoandikia programu. Usharika unahamisha makaburi ya Vihingo, barabara inapita. Mabaki ya kila mtu yanawekwa kwenye kisanduku, na kila kisanduku kinabandikwa jina. Printa yao kuukuu inapokea baiti tu, na programu yangu inahifadhi majina kwa herufi pana, kila moja baiti kadhaa. Kwa hiyo ni kugeuza herufi ziwe baiti, kisha kuchapa. Kazi ya siku moja.

Jumanne, 3 Juni
Mzee Masanja amenifuata hadi Kibaha. Mabasi mawili. Mkewe, Ng’washi, amelala Vihingo miaka tisa. Alitaka kuona kibandiko chake. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwambia atulie, kompyuta haikosei. Nilikuwa na kazi nyingine. Ameondoka hajakiona.

Alhamisi, 5 Juni
Wamefukua, wakabandika vibandiko nilivyowachapia. Petro, mwinjilisti wetu, amepiga simu mchana. Visanduku viwili vina jina la Anna Mkude. Cha Ng’washi hakipo. Vimeshapakiwa kwenye gari, hakuna anayejua kipi kilitoka wapi.

Nimefungua programu. Orodha iliandikwa kwenye simu, na kile kialama cha juu cha Ng’washi si cha kawaida. Sikuiambia programu itumie mfumo gani wa herufi, ikashindwa kukigeuza. Ilipopima urefu ilirudisha hasi moja, alama ya kushindwa. Kwenye hesabu yangu hasi hiyo ikasomeka namba kubwa kupita zote, nikaichukulia kuwa jina refu mno, nikaruka kugeuza, nikachapa kilichobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Jina la aliyetangulia kwenye orodha, Anna. Ningeuliza tu kama imeshindwa. Mstari mmoja. Najichukia.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwenda usharikani. Ilibidi visanduku vyote viwili vifunguliwe. Mzee Masanja alisema mkewe alizikwa na bangili mbili za shaba, za mama yake. Petro akasali. Cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, zipo, zimegeuka kijani.

Hakuna mume anayestahili kuona mabaki ya mkewe vile. Alizishika, akazirudisha taratibu. Nikamwomba radhi. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nilikuja kwako. Ungenionyesha tu.”

Hakupandisha sauti. Bora angenitukana.

Jumamosi, 7 Juni
Nimerekebisha. Sasa ikishindwa inasimama na kunitajia jina. Nimechapa vyote upya. Sikuviamini. Nimesoma kimoja kimoja nikikilinganisha na orodha, kisha nikarudia.

Jumapili, 8 Juni
Tumezika kwenye makaburi mapya baada ya ibada. Kabla ya kila kisanduku kushushwa nilisoma kibandiko kwa sauti, familia ikaitikia. Wazo la Petro. Ilichukua muda mrefu, hakuna aliyelalamika.

Kwa Ng’washi, Mzee Masanja hakuitikia mara moja. Alivaa miwani, akainama, akafuata herufi kwa kidole hadi mwisho. Nilisubiri. Kisha akasema, “Ndiye.”

Nimerudi Kibaha. Nimefua, nimepika ugali. Sijawasha kompyuta.