Wakili Wetu wa Gereji

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, binti yetu, na bado tumepigwa na butwaa. Asubuhi ile uliamka buheri wa afya, ukagombana na kaka yako nani aanze kuoga, ukaenda chuo. Mchana ukaingia gereji kama kawaida yako. Jioni kichwa kikakuuma, tukakukimbiza hospitali, na kufumba na kufumbua tukaambiwa basi. Basi vipi? Kichwa tu?

Chuoni ulisoma sheria, gereji ulikaza nati. Nyumbani tulikuita Fundi. Mafundi wenzako walikuita Wakili, kwa sababu gari likikataa kuwaka ulikuwa unalisomea mashtaka. Shangazi alipokuuliza nani atamwoa msichana anayenuka oili, ulimjibu, "Mwenye gari bovu, shangazi." Alicheka mpaka akakaa chini.

Ulinawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, na bado vitabu vyako vimejaa alama za vidole. Hatujavifuta. Jirani akikwama barabarani, uliacha chakula mezani ukatoka na spana zako, na hukutaka hata kushukuriwa.

Siku ile uliiacha injini ya gari la mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu imefunguliwa. "Msiiguse, kesho naifunga," uliwaambia wenzako. Na gereji yenu ina desturi yake: aliyefungua injini ndiye anayeifunga. Kwa hiyo baada ya mazishi bosi wako alikuja kumwomba mama ruhusa waimalizie wao. Mama akamkatalia kwa ukali. "Mwenyewe atakuja kuifunga." Mwalimu naye akasema hana haraka, miguu anayo.

Ametembea mwaka mzima, na magoti yake yale. Wiki iliyopita mama alimkuta ameketi kando ya barabara, mifuko ya sokoni miguuni, anahema. Alimsalimia mama kwa upole, akamuuliza hali ya nyumbani, gari hakuligusia kabisa. Mama aliona haya. Badala ya kurudi nyumbani alipitiliza hadi gereji. "Ifungeni," akasema.

Wala hakuondoka. Alisimama palepale mpaka bosi wako akakaza nati ya mwisho. Wakapiga starti, gari likawaka mara moja. Mafundi walianza kushangilia, lakini mama alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono kichwani, akisema polepole, "Kumbe kweli. Kumbe kweli mwanangu hayupo."

Unakumbukwa na baba yako, mama yako, kaka yako, shangazi, wanafunzi uliosoma nao, mafundi wote wa gereji, na mwalimu, ambaye jana alimpeleka mama kaburini kwako kwa gari lile.

Daima tutakukumbuka, Wakili, hata tukija kuzoea. Bado hatujazoea.