Komeo la Ndani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka ameniambia siku hizi unashuka ngazi bila kushika ukuta, nami nimefurahi, ingawa namjua kaka, akitaka kunituliza haoni haya kuongeza chumvi. Mimi ni mzima, na safari hii ninaposema mzima naomba uniamini. Utaona kwa nini.

Karakanani tumepata choo cha wanawake. Usicheke, mama. Sheria mpya ya kazi inasema popote anapofanya kazi mwanamke, hata akiwa mmoja, pawe na choo chake chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Bosi aliipiga danadana mwaka mzima. Alisema hawezi kuchanganya saruji kwa ajili yangu, fundi breki mmoja kati ya wanaume thelathini, na kwamba vyoo vipo, vile vya nyuma visivyo na milango, asiyevitaka shauri yake.

Miezi miwili iliyopita akaja mkaguzi wa kazi, mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, viatu vyake vimejaa vumbi. Akaomba aonyeshwe choo changu. Bosi hakubabaika. Alitoa karatasi kwenye droo, imeandikwa kwa mkono wangu na sahihi yangu chini: mazingira ni mazuri, sina tatizo lolote. Mkaguzi akaja mpaka kwenye basi nililokuwa nimelala chini yake, akachuchumaa, akaniuliza kama karatasi ile ni yangu.

Ni yangu. Niliiandika miaka mitatu nyuma, baada ya bosi kunieleza kwa upole kwamba wenye matatizo huwa wanakwenda kupumzika kwao. Wakati huo tulikuwa wanawake wawili, mimi na yule binti wa kupaka magari rangi, niliyekutumia picha yake. Yeye alikwenda kulalamika. Akasomewa karatasi yangu, akaulizwa mbona mwenzake anaweza. Wiki ile ile akafungasha brashi zake, akaniaga kwa heshima, na mimi nikashindwa kumtazama usoni.

Basi nikiwa pale chini, grisi mpaka viwikoni, bosi amesimama nyuma ya mkaguzi akinikazia macho, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemfukuza yule binti mara ya pili. Nikasema, "Niliandika uongo. Huu mwaka wa sita sinywi maji tangu asubuhi mpaka nifike nyumbani."

Mafundi wote wakaweka spana chini, wakanigeukia. Mama, hawa ndio walionipa jina la Ngamia, wakidhani wananisifu. Fundi umeme, mtu mzima kuliko sisi sote, akakohoa akasema hata yeye angependa mlango. Mkaguzi akaandika kwamba choo kijengwe ndani ya siku thelathini, la sivyo karakana ifungwe, na kwamba aliyesema asiguswe, kwa kuwa sheria inamlinda. Bosi alinuna, lakini saruji ilichanganywa.

Siku ya kwanza niliingia sina haja yoyote. Nikasukuma komeo, nikalifungua, nikalisukuma tena. Kisha nikatoka, nikanywa glasi mbili za maji, saa nne asubuhi, mbele ya watu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Yale maumivu ya ubavuni uliyoniuguza mara mbili hayakutokana na maji machafu ya bomba kama nilivyokuambia. Daktari alisema figo zimechoka kwa kukosa maji. Wewe ulinichemshia maji, ukanisimamia mpaka nimalize, ukanigombeza kwa kuacha kikombe cha chai kimejaa. Kuogopa kunywa kulikuwa kumeshaniingia mwilini, hata nikiwa kwako. Nilikuficha kwa sababu ulijigamba kwa wajomba kwamba binti yako hashindwi na kazi ya wanaume, nikaogopa utaniambia nirudi. Nisamehe, mama. Juma lililopita daktari amenipima tena, anasema zinapona.

Jumapili nilikwenda kwa yule binti wa rangi, nikamweleza ukweli wa ile karatasi. Alikunja nguo zote zilizokuwa kitandani, moja moja, kisha akauliza, "Komeo liko upande gani?" Nikamwambia, ndani. Nafasi yake ilikuwa bado wazi; anaanza kazi tena Jumatatu.

Msalimie kaka. Wajomba nao wasalimie, na uendelee kujigamba, sasa una haki. Nikija likizo usinimiminie chai kikombeni. Niwekee birika lote hapo karibu.

Ni mimi mwanao,
aliyekuwa Ngamia