Mkojo Mwekundu wa Mama

Shosti, leo nimejiaibisha hospitali, sijui uso nitauficha wapi.

Mama kamaliza dripu yake ya kwanza ya kansa, ile nyekundu kama sharubati. Akaomba nimpeleke chooni. Nikachungulia. Mkojo mwekundu. Mwekundu, shosti.

Nikatoka mbio hadi wodini, "Mama anavuja damu, jamani."

Muuguzi hata kiti hakukiacha. "Ni rangi ya dawa. Nilieleza asubuhi, wewe ulikuwa kwenye simu."

Kwenye simu. Nikichati na wewe.

Ikabidi arudie yote: dawa inaua seli zinazokua haraka, ndiyo maana inapiga uvimbe na nywele nazo hazisalimiki.

Mama, ambaye hajacheka tangu majibu yatoke, kashika mbavu. "Mwanangu, nywele zikianza kudondoka, usije ukaita zimamoto."