Vibandiko Juu ya Shumizi

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu kutoka kwetu Malindi. Baba yako mzima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Mimi moyo umetulia, ila miguu imelegea tangu nitoke hospitali, na ngazi za nyumba hii unazijua.

Umeniuliza tena kama ile mashine ya umeme ya kuamsha misuli ya mapaja inauma. Nnakuandikia kwa sababu kwenye simu baba yako atasikia.

Anayenifanyia mazoezi kule kliniki ninakokwenda ni kijana wa kiume. Nami nilipovunja ungo, somo yangu alinifunza kuwa paja langu halionwi na mwanamume ila mume wangu. Basi kijana akanipa vibandiko vya mashine nibandike mwenyewe chini ya kanga, nikavibandika juu ya shumizi. Kila akiwasha huniuliza, "Unasikia, Bibi?" Nami hujibu, "Naam, mwanangu, nnasikia."

Jana akaitazama ile kanga. "Bibi," akasema polepole, "mguu mbona hauchezi?"

Sikujua uso niuweke wapi. Nikamwambia ukweli huku nnatazama sakafu. Hakucheka. Aligeukia ukutani mpaka nikavibandika kwenye ngozi na kujifunika, ndipo akawasha. Paja likaruka lenyewe! Nikapiga ukelele wa mshituko, wagonjwa wenzangu wakaja mlangoni.

Kila nilipokwambia umeme ule hauumi, nilikuwa sijausikia hata mara moja. Hauumi, mjukuu wangu. Leo nnakwambia kwa kujua.

Bibi yako