Kwapa Nililokuficha

Mdogo wangu mpendwa Lusajo,

Nimesikia unakuja Jumamosi. Sikuambiwa na wewe, nimeambiwa na mama, naye alinitangazia huku akipiga deki sebule ambayo mimi nikija hata kiti hanipangusii. Jogoo ameshamchagua. Firigisi najua itakwenda kwenye sahani ya nani.

Cheka tu. Lakini nisome mpaka mwisho, maana barua hii sikukuandikia wewe peke yako. Nakala yake nimeibandika ukutani pale ukumbini, pembeni ya ratiba ya mazoezi, ili kila mtu aisome kabla hujafika. Wewe ulinisifu mbele za watu. Haya ninayotaka kukueleza inafaa nayo yasemwe mbele za watu hao hao.

Ulikuwa na miaka kumi na sita nilipokupeleka kwa Mwalimu Idi. Mimi nilikuwa na ishirini, na mazoezi nilishayafanya miaka minne. Unalikumbuka lile ghala la zamani la kahawa nyuma ya soko la Tukuyu, mvua ikipiga bati mpaka mwalimu anafundisha kwa mikono tu? Mchana alikuwa fundi cherehani, jioni alitufundisha mieleka ya chini. Magodoro alitushonea mwenyewe: magunia yaliyoshindiliwa pumba za mpunga kutoka Kyela, juu yake turubai. Masika yakizidi, pumba zilivunda. Jua likichungulia tuliyatoa magunia nje kuyaanika, na siku hiyo mazoezi hakuna. Wewe ulikuwa unafika kutoka Mpuguso kwa miguu, umeshamshushia mama mkungu wake wa ndizi sokoni, na bado una pumzi ya kuruka kamba.

Kwa faida ya watakaosoma ukutani na hawajawahi kukanyaga turubai, nieleze kidogo. Mmoja analala chali na kumzuia mwenzake kwa miguu. Aliye juu kazi yake ni kuivuka miguu hiyo, afike ubavuni, amlalie kifuani. Ndiyo hiyo tu. Mimi ujana wangu wote umeishia hapo.

Miguu yangu ilikuwa haivukwi. Wakubwa walijaribu, wanajeshi waliokuja likizo walijaribu, wakabaki wamenaswa katikati ya mapaja yangu wanahema. Wewe wiki ya kwanza ulinaswa kama wengine. Mwezi wa nne ukanivuka. Uliteleza tu, sikujua umepita wapi, nikashtukia kidevu chako kiko kifuani kwangu na unacheka. Mwalimu Idi akasogea, akakutazama kiunoni kama anayepima suruali.

"Huyu nyonga yake inasikia," akasema. "Hii haifundishwi."

Miaka minne hakuwahi kuniambia kwamba nyonga yangu inasikia. Aliwahi kuniambia nina bidii. Mtu anasifiwa bidii akikosa cha kusifiwa, na hilo nilikuwa nalijua hata kabla hujaja.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na leo nauita kwa jina lake. Nilikuonea wivu kwa ile nyonga. Nilikuonea wivu kwa kuwa ulilala usingizi mzito usiku ule, wakati mimi nilijigeuza kitandani nikijiuliza ulipitia wapi. Asubuhi ukaniamkia kwa adabu kama kawaida, umechuchumaa, "Ugonile, kaka," kana kwamba hukunifanya kitu.

Wiki iliyofuata ukaniomba nikufundishe kuvuka kwa goti. Tulikuwa nyuma ya jiko la mama, tumetandika majani makavu ya migomba. Wengi mnaosoma mnakujua kuvuka huku, kwa sababu nyinyi nimewafundisha vizuri. Unapenyeza goti lako katikati ya miguu yake, unalilaza juu ya paja lake moja na kuliteleza mpaka chini. Mkono mmoja unavuta mkono wake ulio karibu. Mkono wa pili unazama chini ya kwapa lake la upande wa mbali, na hapo ndipo penye kazi yote. Usipolichukua kwapa lake, yeye atalichukua lako, achomoke pembeni, akupande mgongoni.

Nilikuonyesha goti. Nilikuonyesha mkono wa kuvuta. Mkono wa pili nikauweka kwenye ukosi wa shati lako, nikasema, "Hapa, shika ukosi."

Ukauliza, "Na kwapa, kaka?"

Ulikuwa umeshaliona mwenyewe, kwa siku moja, kitu kilichonichukua mimi mwaka mzima. Nikasema, "Kwapa achana nalo."

"Ndaga fijo, kaka," ukashukuru, ukaanza kurudia. Goti, vuta, ukosi. Mara hamsini, majani yakichanika chini yako. Na mimi nilisimama pale kama mwalimu mwema nikikuhesabia.

Kisha Mbeya. Ulifika fainali, mgeni kabisa, na mimi nilikuwa nimeshatolewa raundi ya pili. Ukakutana na yule kijana mrefu kutoka Tunduma. Ukampenyezea goti vizuri mno, watu wakaanza kusimama, ukashika ukosi wake kama nilivyokufundisha. Yule mrefu akaingiza mkono chini ya kwapa lako, akachomoka, akakupanda mgongoni na kukukaba. Ukapiga turubai mara tatu kuashiria kwamba umeshindwa.

Mama aliguna. Nami nikaguna kama watu wote. Lakini ndani yangu, Lusajo, kuna kitu kilicheka. Nimejaribu miaka yote hii kujiambia kwamba hakikucheka.

Mwalimu Idi akakuvuta pembeni ya magodoro, nami nipo hatua mbili tu. "Nani kakufundisha kuacha kwapa wazi?"

Ukanitazama. Haikuwa hata nusu ya dakika. Kisha ukatazama chini, ukasema, "Nimesahau mwenyewe, Mwalimu."

Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vimeshafungwa.

Baada ya pale hukuniomba tena nikufundishe chochote. Ulikuwa unajifungia ghalani peke yako kabla wengine hawajafika, na mwaka uliofuata ukatoka na kile kitu chako. Goti lile lile, ukosi ule ule, kwapa wazi lile lile, linamwita mtu. Aliye chini akiona kwapa hujipongeza, anazamisha mkono. Wakati huo nyonga yako imeshageuka. Unampa mgongo kidogo tu, mguu wako wa nyuma unazunguka, unamwangukia upande wa pili, na yeye amekumbatia hewa. Hata yule mrefu wa Tunduma ulimwangukia hivyo hivyo, akabaki anatazama dari.

Huko Dar es Salaam wanakuita Kuvuka Kitukuyu. Nimeona video zako. Nimewaona watu wa nchi nyingine wakikuiga kwenye simu, wengine wamekosea hata kutamka Tukuyu. Umevaa mkanda mweusi, una ukumbi wenye viyoyozi na magodoro ya kununua, na Kiswahili chako kimekuwa cha pwani kabisa. Hapa kwetu watoto niliowatunza tangu hawajui kuanguka wananiambia, "Mwalimu, leo tufundishe ile ya Lusajo." Nawaambia tumalize kwanza kukimbia. Wakimaliza nawaambia wakimbie tena.

Nikwambie la aibu zaidi? Nimejaribu kuifanya. Nilifunga mlango wa ghala nikajaribu, na nyonga yangu haikusikia chochote. Niliangukia bega langu mwenyewe. Ile wiki niliyokuwa nimefungwa mkono, nikawaambia watu nimeanguka na bodaboda, ndiyo hiyo. Pole zenu nazirudisha.

Kwa mama nako usiniulize. Medali zako amezitundika juu ya picha yangu ya harusi, na utepe wa ile kubwa umemfunika Bupe uso. Mke wangu mwenyewe anacheka. Siku moja aliniona nimeusogeza utepe, akaniambia, "Unamwonea wivu mtu uliyembeba mgongoni?" Nikamjibu kwamba ningejua ningemshusha mapema. Bupe hakucheka hiyo.

Kisha ikaja ile video ulimohojiwa. Wamekuuliza ulijifunzia wapi. Ukasema, "Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kila kitu. Hakunificha kitu." Ulitazama moja kwa moja kwenye kamera. Nimeitazama mara nyingi kuliko mama, nikitafuta kejeli, nisiione.

Na sasa hili la Jumamosi. Macho ya Mwalimu Idi hayaoni tena tundu la sindano, na anataka kuniachia ukumbi wetu wa ghalani. Ili niuongoze inabidi nifungwe mkanda wa kahawia, na katika watoto wote wa Rungwe waliopitia magunia yale, mwenye mamlaka ya kumfunga mtu mkanda huo ni wewe peke yako, kwa mkanda wako mweusi. Mdogo wangu wa kuzaliwa, niliyekuonyesha hata namna ya kufunga kamba ya suruali, uje unifunge mimi kiunoni watu wakipiga makofi. Nilitaka kukataa kwa wivu tu. Nilikuwa nimeshaandaa na sababu, goti linaniuma.

Mwalimu Idi aliniita dukani kwake anipime, maana mkanda anaushona mwenyewe, Bupe akimtungia uzi. Alipokuwa amenizungushia futi kiunoni nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote: majani ya migomba, ukosi, kwapa. Alikuwa na pini mdomoni. Akamaliza kupima kwanza, akazitoa pini moja moja akizichomeka kwenye mto wake, ndipo akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajuaje.

"Siku ile ile tuliporudi kutoka Mbeya nilimwambia mdogo wako alifunge hilo kwapa. Nikamwonyesha na mkono unapopita. Akakataa. Akaniambia, 'Mwalimu, nikilifunga, kaka atajua kwamba nimejua.'"

Nilikaa chini pale pale, juu ya vitambaa vya watu.

Lusajo, kumbe ulijua. Kumbe kitu ambacho watu wanakupigia makofi, kitu ambacho mimi nimekionea wivu mpaka nikateguka bega, ulikitengeneza ili mimi nisiaibike. Uliliacha kwapa wazi kwa adabu, ukatafuta njia nyingine ya kupita, peke yako, ghalani, siku baada ya siku. Mtoto wa miaka kumi na saba. Tulifundishwa kwamba mdogo hamvui nguo mkubwa wake, lakini sidhani wazee walimaanisha mtu afike mbali hivyo.

Ningependa kukwambia kwamba nilipoyasikia hayo nilijuta papo hapo. Hapana. Kilichokuja kwanza ni wivu. Nilifikiri: hata kwa wema amenivuka. Majuto yalikuja kesho yake, nakata majani ya ng'ombe kule bondeni, nikaikumbuka sura yako ukiuliza "Na kwapa, kaka?" Nikauweka mundu chini. Ng'ombe walilala njaa siku ile, na mama hajui sababu mpaka asome hapa, au asomewe.

Kwa hiyo Jumamosi uje. Lakini mkanda usianze kunifunga. Kwanza nitalala chali mimi, katikati ya turubai, watu wote wakitazama. Usinivuke kwa njia yako ile, hiyo tunaijua, na sina bega la pili. Nivuke kwa goti, kama tulivyoanza nyuma ya jiko la mama. Nitakuelekeza kwa sauti. Nitasema goti, nitasema vuta. Nikifika kwenye ukosi nitanyamaza, ndipo nataka unisaidie kitu kimoja. Niulize tena, "Na kwapa, kaka?"

Najua unalijua jibu. Niulize hivyo hivyo. Mkono wako nitaushika mimi mwenyewe niupitishe panapotakiwa kupita. Baada ya hapo, kama bado unataka kunifunga mkanda, nifunge. Kama hutaki, mrudishie Mwalimu Idi, wala sitakuuliza neno.

Kuhusu firigisi, nimeshamwambia mama akupe wewe. Inaniuma, lakini nimemwambia.

Nakungoja,

Kaka yako wa Mpuguso,
niliyekuficha kitu