Huku Si Lushoto

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefika kazini Kenton saa mbili kasoro robo. Treni imechelewa tena. Nimemwogesha Mzee Jayanti, nimemnyoa, nimempa uji. Nusu kaumwaga, hana habari. Kutwa ananiuliza tunaondoka lini kwenda nyumbani, mlimani, kwenye baridi na misitu. Lushoto. Kazaliwa kule, baba yake alikuwa na duka la nguo karibu na soko. Kiingereza kimemtoka tangu mwaka jana. Kigujarati, lugha ya wazazi wake, kinakuja na kupotea. Kilichobaki ni Kiswahili, na humu ndani anayekijua ni mimi tu, mtu wa Pemba niliyeajiriwa kumtunza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kirit, mwanawe, kaja na tiketi. Anataka kumfurahisha baba yake anapotimiza miaka themanini na tano. India kaskazini, mji mdogo wenye misitu, chini ya milima ya Himalaya. Si wewe uliyetuambia anatamani milima, Zu? Ananiita Zu. Zuwena ni refu mno kwake. Nikamwambia baba yako anaitaka Lushoto, iko Tanzania, India hajapata kuishi. Akacheka. Kwa hali yake, akasema, mlima ni mlima, hatajua tofauti. Na mimi lazima niende nao, maana nani mwingine atamwelewa?

Nimekubali. Nimekasirika njia nzima mpaka kwangu Woolwich.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumefika. Gari imepanda kona juu ya kona, nimetapika mara mbili. Pako kimya. Misonobari mirefu, ukungu, baridi ya kuingia mifupani. Pazuri, sina budi kusema. Mzee kashuka garini, kavuta pumzi, kaanza kulia. "Zuwena, tumefika kwetu."

Kirit akauliza anasemaje. Nikamwambia. Na yeye akalia. Ningefanya nini pale, baba na mwana wanalia? Nikashusha mabegi.

Jumatano, 16 Oktoba

Kaamka mwenyewe. Kavaa koti mwenyewe. Sijaona hivyo kwa miezi mingi.

Sokoni kamsalimia kila mtu. Hujambo bwana, habari za nyumbani, watoto wazima? Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwenye duka anayewajua wateja wake. Watu wanatabasamu na kupita. Muuza matufaha akamjibu kwa Kihindi. Mzee akanigeukia, mbona hawaniitikii? Nikasema labda hawakusikia. Basi akapaza sauti.

Tumerudi hotelini bila mtu hata mmoja kumwitikia. Bado ana matumaini. Anasema kesho ni siku ya soko, watakuja wanaomjua. Kesho.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hawakuja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo nimefanya ujinga. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Asubuhi nilimtangulia mzee sokoni. Yule muuza matufaha ni mtu mzima, mpole, ana Kiingereza kidogo. Nikamfundisha. Mzee wangu akisema hujambo, wewe sema: sijambo mzee, karibu. Tukarudia mara tatu, mara nne. Akashika vizuri.

Mzee akaja na Kirit. Akasalimia. Yule bwana akajibu, tena kwa heshima zote. Uso wa mzee ukachanua, sitausahau. Halafu wauzaji wenzake wakaangua kicheko. Wakaanza kuambizana, sijambo mzee, sijambo mzee, meza hii mpaka ile, hadi madereva wa teksi. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanachekeshana tu. Lakini mzee aliwatazama mmoja mmoja, akarudisha tufaha mezani taratibu, akanishika mkono tuondoke.

Hajala mchana. Hajala jioni. Kosa langu mimi, si la Kirit.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kirit kakodi gari twende kuona theluji kwa mbali. Mzee kafumba macho kwenda na kurudi. Kirit ananiuliza nimemwambia nini baba yake.

Nimemwambia mzee ukweli. Leo baada ya chai nilikaa naye, nikamwambia mzee, huku si Lushoto, hii ni India, wale hawakujui kwa sababu hukuwahi kuishi hapa. Akaniangalia kwa huruma. Akanipigapiga mkono. Akasema mimi ni mtu wa pwani, Lushoto nitaijulia wapi.

Nimerudia mara ya pili. Akaniambia basi, mwanangu, yaishe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kenton. Mvua. Uji kaumaliza. Hajauliza tunaondoka lini. Jana pia hakuuliza, wala juzi.

Kirit kapiga simu, kafurahi. Baba katulia, unaona, safari imemsaidia. Ni kweli, katulia. Anakaa kwenye kiti changu cha dirishani, anaangalia magari ya majirani. Nilitaka kumweleza Kirit. Badala yake nikamwambia dawa ya shinikizo la damu inakaribia kwisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku ya kukata kucha. Nilikuwa namkata za mkono wa kushoto, nikamuuliza mwenyewe, maana nimechoka kungoja aniulize yeye. Mzee, hutaki tena kwenda nyumbani?

Akasema tulishakwenda. Anasahau kama amekula, anasahau mkewe amefariki. Hili hajalisahau. Wamekaa watu wengine kule, akasema, walitucheka. Tusiwasumbue tena.

Nikasema sawa, mzee. Akanipa mkono wa pili.